Viroba Tisa vya Udongo

Nati iliyofungwa kwenye ncha ya uzi iligota chini. Inspekta Scolastika Mageni aliuvuta uzi taratibu, akaubana kwa vidole mahali ulipokuwa umeishia mdomoni mwa bomba, akaulaza juu ya utepe wa kupimia ambao Koplo Denis alikuwa ameunyoosha ardhini.

"Mita kumi na moja," Denis alisoma. "Na sentimita nane."

"Nati imelowa?"

"Kavu, afande. Ina vumbi jekundu."

Mageni alirudia kipimo mara mbili, akapata jibu lilelile, akaandika saa: tatu na robo asubuhi.

Juu ya ardhi, kisima cha Nyakasoga kilikuwa na kila kitu: sakafu ya saruji, bomba la buluu lililochomoza katikati, paneli mbili za umeme wa jua, kioski chenye koki nne, na jiwe la uzinduzi lenye jina la Theonest Lubinza, wakati ule mgombea udiwani, sasa diwani. Maji yalitoka mara moja tu, siku ya uzinduzi, mbele ya mkutano wa kampeni. Siku hiyohiyo mgombea alitangaza kwamba kioski kinafungwa mpaka kura zipigwe, kwa sababu kugawa maji wakati wa kampeni kungehesabika kuwa rushwa, na yeye ni mtu wa kufuata sheria. Alipigiwa makofi. Siku ya tatu baada ya mshindi kutangazwa, wanawake walikuja na ndoo, koki zikatoa upepo. Diwani alikwenda polisi akatoa taarifa kwamba pampu imeibwa, na kwamba mtu pekee mwenye ufunguo ni mlinzi, Alois Kadama.

Jana jioni pampu ilikutwa Rwamgasa, kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, ikivuta maji kutoka chini. Mwenye duara hakuwa na risiti. Alois akalala mahabusu. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alitaka jalada liwe mezani kwake saa tisa alasiri, ili mtuhumiwa afikishwe mahakamani.

"Sasa mdomo wa bomba," Mageni alisema.

Denis alipima. "Upana wa ndani ni inchi nne na nusu."

"Na pampu iliyoko kituoni?"

Denis alifungua daftari lake, akacheka. "Tumbo lake ni inchi saba. Hiyo hata uipake mafuta ya nazi haiingii humu, afande. Basi Alois tumwachie, aende zake."

"Diwani atasema iliyoibwa ni nyingine. Tumethibitisha kwamba pampu hii siyo. Hatujathibitisha kwamba pampu haikuwepo."

Namba ya mkandarasi ilikuwa imechorwa kwenye jiwe la uzinduzi. Mageni aliipiga, akaweka sauti ya wazi. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Pantaleo, fundi mkuu wa uchimbaji. Alisema yuko Mhunze kwenye kazi nyingine, na kweli nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Kisima cha Nyakasoga mlikichimba urefu gani?"

"Mita tisini, mama. Maji mengi mno. Lita elfu nne kwa saa."

"Nimepima sasa hivi. Ni mita kumi na moja."

Mlio wa mashine ulififia, kama mtu anayesogea mbali nayo.

"Basi kimeporomoka," Pantaleo alisema. "Mwizi aking'oa pampu kwa nguvu, kuta zinaanguka. Kisima kinajifukia chenyewe. Ulizeni wataalamu."

"Mlichimba kwa siku ngapi?"

"Siku... moja. Moja na nusu."

"Ripoti ya uchimbaji iko wapi?"

"Ofisini, Shinyanga."

"Ofisi iko mtaa gani?"

Simu ilikatika. Mageni alipiga tena mara mbili; haikupatikana.

"Mtandao," Denis alisema.

"Mtandao," Mageni alikubali, akaandika dakika ulipokatika.

Hoja ya Pantaleo haikuwa ya kupuuzwa. Kisima kilichoporomoka na kisima ambacho hakikuchimbwa vinampa mpimaji jibu moja. Wakili yeyote angeushika uzi ule na nati yake, akauliza swali hilo moja, akakaa. Mageni alizunguka sakafu ya saruji polepole, macho chini. Alizunguka tena, mara hii akienda mbali zaidi, hatua ishirini kila upande. Nyasi zilikuwa fupi na ardhi safi.

"Denis, mashine ikichimba, udongo unakwenda wapi?"

"Unatoka juu, afande. Unarundikana pembeni ya shimo."

"Rundo liko wapi?"

Denis alitazama kulia na kushoto, kisha akatabasamu kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumbani kwao. Alizaliwa Masumbwe, na kaka zake wawili walikuwa machimboni. "Afande, huku hakuna udongo unaolala nje. Mtu akichimba choo, watu wanakuja na karai wanaomba sampo ya kwenda kuosha. Babu yangu alipozikwa, udongo wa kaburi ulioshwa kabla hatujamaliza matanga. Mashine inatoboa ardhi mchana kweupe, halafu rundo libaki? Walilichukua siku hiyohiyo, wakapime kama lina dhahabu."

"Nani alilichukua?"

"Hilo tunauliza tu."

Kwenye bwawa la kuoshea, mita mia tatu kutoka kisimani, wanawake watano waliulizwa, na wote walitaja jina moja. Udongo wa kisima aliuwahi Mama Paschal. Alikuja na toroli wakati mashine bado inanguruma, akafagia hata vumbi.

Kabla ya kwenda kwake, Mageni alipita dukani kwa Wiliam, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye alikuwa meneja wa kampeni wa mgombea aliyeshindwa. Kama yupo mtu mwenye sababu ya kueleza ubaya wa kisima kile, alikuwa yeye.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Siku ya uzinduzi ulikuwepo?"

"Nilikuwa mbali. Kwenye mti wa pale shuleni."

"Mtini?"

"Siasa ina mengi." Wiliam alifuta mikono kwa tambara. "Niliona boza la maji nyuma ya jukwaa, limefunikwa turubai. Bomba lake lilikuwa limefukiwa mpaka kwenye kioski. Nina picha. Nzuri tu, namba ya gari inasomeka."

"Ulimwonyesha nani?"

"Mgombea wangu."

"Akasema nini?"

"Akasema tunyamaze."

"Kwa nini?"

Wiliam aliangalia mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wiki ile ile sisi tulizindua transfoma."

"Nimeiona, njia panda."

"Umeona na nyaya?"

"Hapana."

"Hakuna nyaya. Na ndani haina kitu. Ni boksi, Inspekta. Tungesema boza, wangesema boksi."

"Kwa hiyo mlifichiana."

"Tuliheshimiana," Wiliam alisema, bila kutania.

"Alois yuko mahabusu kwa pampu ambayo wewe unajua haikuwepo."

"Alois ni mtu mzuri sana. Jana nilimpelekea soda."

"Nipe picha, na utoe maelezo."

"Picha nilifuta."

"Umesema unayo."

"Nilisema ninayo? Basi ni ulimi." Alianza kupanga plagi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Muulize aliyeyanywa maji yenyewe. Mama Paschal ndiye aliyepewa kikombe cha kwanza jukwaani. Aliyasifia mpaka sisi tulio mtini tukapata kiu."

Mageni aliandika jina la Mama Paschal kwa mara ya pili asubuhi ile, chini ya la kwanza.

Evelina Shija, yaani Mama Paschal, mjane wa miaka sitini na kitu, alikuwa ameinama juu ya karai uani kwake, akilizungusha maji ya kahawia yakitoka kidogo kidogo ukingoni. Nyuma yake, ukutani mwa jiko, viroba vya kilo hamsini vilikuwa vimesimama kwa mstari. Mageni alivihesabu kabla ya kusalimia. Vilikuwa tisa.

"Mwangaluka, mayu," Denis alimsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka." Alinyanyua uso, akaona sare, akaliweka karai chini.

"Shikamoo, mama," Mageni alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmekuja kwa habari ya Alois?"

"Kwa habari ya udongo. Viroba hivi umevitoa wapi?"

"Hivyo? Nilichimba choo mwaka jana. Ni udongo wa choo."

Mageni alichutama, akafungua kiroba cha kwanza, akamimina kidogo kiganjani. "Choo ulikichimba kwa sululu?"

"Kwa sululu na sepeto."

"Sululu inatoa mabonge, mama. Huu umesagwa, chembe zote ukubwa mmoja. Hii ni kazi ya mashine."

Evelina aliupeleka mkono kwenye karai, akaurudisha.

"Na hiki kina fundo moja shingoni," Mageni aliendelea. "Kinachofuata kina mawili. Cha mwisho kina tisa. Kwa nini?"

Evelina alikausha mikono kwenye khanga. Swali la kazi lilikuwa rahisi kwake kujibu. "Ndivyo tunavyofanya. Udongo unaotoka juu unaufunga wa kwanza, wa chini yake wa pili. Ukiosha ukaona rangi ya dhahabu kwenye cha tano, unajua uchimbe mpaka wapi. Usipofunga mafundo, unaona dhahabu halafu hujui iko wapi. Ni ujinga."

"Kwa hiyo cha tisa ndicho cha chini kabisa."

"Ndicho."

"Baada ya hicho mashine ilitoa nini tena?"

Evelina aliangalia mlango wa jiko lake.

"Mama Paschal, mashine ilitoa nini tena?"

"Haikutoa kitu. Ilizimwa. Vijana wakala ugali, wakaondoka. Hata nusu siku haikufika."

Mageni alifungua kiroba cha tisa. Udongo ulikuwa mwekundu wenye changarawe, sawasawa na wa kiroba cha pili. "Denis, hapa mwamba unaanzia wapi?"

"Mita kumi na tano, afande. Kumi na sita. Kila duara hapa ni hivyo. Ukifika unatoa jiwe la kijivu, unga wake kama majivu."

"Kuna cha kijivu humu?"

Denis aliingiza mkono mpaka kiwiko kwenye viroba vyote tisa, kimoja baada ya kingine. "Hakuna hata punje."

Mageni alipiga hesabu kwenye daftari: upana wa shimo, uzito wa udongo, urefu. Mita tisini zingetoa viroba visivyopungua sabini, vingi vyake vya kijivu. Viroba tisa ni mita kumi na moja. Hesabu na uzi vilikutana, na hapo maneno ya Pantaleo yalikwisha. Kuta zinaweza kuporomoka zikafukia shimo, lakini haziwezi kuurudisha shimoni udongo ambao ulishapakiwa kwenye viroba na kufungwa mafundo.

"Nitavichukua kama vielelezo," alisema. "Na nitahitaji maelezo yako kwa maandishi: lini ulivichukua, wapi, na kwamba ulichukua udongo wote."

"Viroba chukua," Evelina alisema. "Maelezo siwezi."

"Viroba bila maelezo ni udongo tu. Vinaweza kuwa vya popote. Hata vya choo."

"Wewe hujui unachoniomba."

"Niambie."

Evelina alikaa kwenye kigoda. Alianza polepole, akiwa anaangalia karai. "Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ya Mtakatifu Monika. Nyumba ishirini na sita. Siku ya uzinduzi nilipanda jukwaani, nikanywa kikombe. Maji yalinuka plastiki. Nikasema kwenye kipaza sauti, jamani haya yametoka chini kabisa, ni baridi, ni matamu. Wakati huo viroba hivi nilikuwa nimeshavifunga siku mbili. Nilijua kabla sijanywa."

"Theonest alijua kwamba unajua?"

"Nilimwambia mwenyewe, nyuma ya jukwaa. Nikamwambia, baba, mbona mashine haijagusa jiwe? Maji yatatoka wapi? Akanishika bega. Akasema, mama, tushinde kwanza, ya chini yatakuja."

Denis aliacha kuandika. Mageni akamwonyesha kalamu kwa macho, akaendelea.

"Ulipata nini?"

"Aliniahidi nitasimamia kioski. Lakini siyo hilo." Alitikisa kichwa. "Nilifikiri akishapita ataona aibu. Mtu akitangaza maji mbele ya watu wote, na jina lake limechongwa kwenye jiwe, nikasema huyu hawezi kuliacha hivyo, atachimba kweli. Nikaona nimemfunga. Kumbe wa kufungwa alikuwa Alois."

"Unampelekea chakula?"

"Leo asubuhi nimempa mkewe uji ampelekee."

"Uji hautamtoa."

"Najua hautamtoa!" Sauti ilimpanda, kisha ikashuka. "Unadhani watu walimwamini Theonest? Nani anamwamini Theonest? Waliniamini mimi. Nikiandika hivyo, Jumapili nakaa benchi gani?"

Mageni alimweleza mambo yaliyokuwa na uhakika. Sasa ilikuwa saa sita kasoro. Saa tisa jalada linaondoka. Likiondoka bila maelezo yake, lina mlinzi mwenye ufunguo, pampu isiyo na risiti na diwani mwenye taarifa iliyosainiwa. Kipimo cha inchi saba kitasomwa na mtu siku moja, labda baada ya miezi, na miezi hiyo Alois atakuwa rumande Geita.

"Nitashtakiwa?" Evelina aliuliza.

"Kwa kusifia maji jukwaani? Hakuna kifungu nitakachokushika nacho."

"Si kosa?"

"Hakuna kifungu, mama."

"Basi ndiyo maana wanasema wanavyotaka," Evelina alisema. Akavuta kigoda karibu na Denis. "Andika, mwanangu."

Denis aliandika kurasa mbili. Alipomaliza akazisoma kwa sauti, na alipofika kwenye kikombe alisoma: "'Nilikunywa maji hayo bila kufahamu kuwa yalitoka kwenye boza.'"

"Sijasema hivyo."

"Nimekusaidia kidogo, mayu. Haibadilishi kitu."

"Futa. Andika nilijua."

Denis alimwangalia Inspekta. Mageni aliichukua karatasi, akapiga mstari mmoja juu ya sentensi ile, akaandika pembeni neno aliloambiwa, akampa Evelina aweke sahihi kwenye marekebisho, kisha chini ya kila ukurasa. Evelina alisaini jina lake kamili, polepole, herufi moja moja.

Saa nane na dakika kumi viroba tisa vilishushwa kituoni. Diwani Theonest Lubinza alikuwa kaunta, amevaa suti ya kaunda, akiwa amekuja kuuliza kesi imefikia wapi. Alikiona kiroba cha kwanza kikipita, kisha cha pili, akauliza ni nini.

"Kisima chako, mheshimiwa," Mageni alisema. "Chote."

Alimweleza vipimo kwa mpangilio: bomba, pampu, uzi, viroba. Diwani alisikiliza bila kumkatiza. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Basi mkandarasi amenidanganya. Mimi na wananchi wangu tumeibiwa pamoja. Nitalisema hili hadharani."

"Siku ya uzinduzi uliambiwa kwamba mashine haijagusa jiwe. Ulijibu: tushinde kwanza, ya chini yatakuja."

"Nani kasema?"

"Shahidi aliyesaini."

Diwani alitabasamu kidogo. "Inspekta, kampeni ni kampeni. Kila mtu anajua maneno ya jukwaani. Nenda njia panda kaangalie transfoma ya wenzangu. Wote walijua, wakapiga makofi. Unataka kumkamata nani, kata nzima?"

"Ya jukwaani siyashughulikii. Ila hii hapa," Mageni alifungua jalada, akamwonyesha karatasi, "uliitoa kwenye kaunta hii, siyo jukwaani. Umeeleza kwamba pampu ilikuwepo na imeibwa. Umesaini. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, na hilo lina kifungu. Koplo, mpe mheshimiwa kiti. Tutachukua maelezo yake ya onyo."

"Unajua nitampigia nani simu?"

"Sijui. Ukimpata, nitaandika saa."

Diwani aliketi. Simu aliishika mkononi muda mrefu bila kuipiga.

Mageni alimpigia mkuu wa upelelezi wa wilaya, akamsomea vipimo na maelezo ya shahidi. Upande wa pili uliuliza mara mbili idadi ya viroba, mwishowe ukasema mlinzi aachiwe na jalada la diwani liletwe kwa mkono.

Alois Kadama alitolewa mahabusu. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini, mwenye koti la mvua alilolivaa hata juani. Alirudishiwa vitu vyake kimoja kimoja: mkanda, simu, rozari, ufunguo wa kofuli la kisima. Mkanda aliuvaa, simu na rozari akaviweka mfukoni. Ufunguo aliusukuma nyuma, juu ya kaunta.

"Pampu imepatikana, afande?"

"Haikuwahi kuwepo, Alois. Na kisima hakikuchimbwa. Ni bomba limesimikwa kwenye shimo fupi."

Alois aliutazama ufunguo. "Nimekilinda siku arobaini na moja," alisema. "Na ile mvua ya mawe nilikuwa pale. Sikuondoka."

"Najua. Iko kwenye maelezo yako."

"Basi nakabidhi lindo. Lakini niandikie, afande. Mlinzi hakabidhi kwa mdomo. Kesho wasije wakasema nimeondoka na kitu."

Denis alitaka kusema jambo. Mageni akamzuia kwa mkono. Alivuta karatasi safi, akaandika tarehe, saa na jina. Kwenye mstari wa mali inayokabidhiwa alisimama kidogo, kisha akaandika: *Ufunguo mmoja. Kisima na pampu havikukabidhiwa, kwa kuwa havikuwepo.* Akapiga muhuri, akasaini, akaigeuza karatasi.

Alois aliisoma yote, midomo ikimcheza. Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoka nje alikokuwa anasubiriwa na mkewe.